Kofia ya Nane

Nimechoka. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani natafuta kisingizio, ingawa labda ndicho ninachokitafuta.

Naitwa Aili Wirkkala, nina miaka sitini na tisa, na kazi yangu ni vumbi. Vumbi la uyoga, maana hilo ndilo mbegu zake. Unakata kofia ya uyoga, unailaza kifudifudi kwenye karatasi ya foili, unaifunika kwa bilauri, na kesho yake unakuta imeacha alama ya unga, duara lenye mistari myembamba. Naziuza alama hizo kwa posta kwa watu wa hadubini: walimu, wastaafu, vijana wadadisi. Uyoga wenyewe ni ule unaomfanya mtu aone mambo, na sheria hapa Oregon haitaki uuokote. Lakini mbegu hazina kilevi, kwa hiyo mbegu ruhusa. Mbegu zitatoka wapi kama si kwenye uyoga? Usiniulize, sikuitunga mimi hiyo sheria.

Aliyekuwa akiniokotea ni shemeji yangu Eino, mdogo wa marehemu mume wangu Arvo. Nilikuwa nachukua kofia chache nzuri, zinazobaki anarudi nazo kwake. Nilijua anazipeleka wapi. Tangu tumzike Arvo mwezi wa tatu, Eino alikuwa anazila kidogokidogo jioni, anakaa peke yake kwenye sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, anaongea na kaka yake. Alisema Arvo anamjibu. Mimi mjane wake sijasikia hata kikohozi.

Jumatatu ile alikuja mchana, mvua inamchuruzika hadi kwenye soksi.

"Shemeji, leo una sura ya samaki wa kopo."

"Wewe umewapakia kiwandani miaka thelathini, unawajua. Futa viatu."

"Kahawa ipo?"

"Ipo ya asubuhi."

"Lo! Hata mahabusu wanapewa ya moto." Akaweka kikapu mezani. "Haya, nikagulie. Nisije nikamfuata Arvo moja kwa moja."

Hakuwa anatania tu. Kwenye vibanzi vya mbao vinavyomwagwa kandokando ya njia huota uyoga wetu, na katikati yake, shina kwa shina, huota mwingine wa kahawia unaoua ini. Wetu vumbi lake ni zambarau iliyokaribia weusi. La muuaji ni rangi ya kutu. Nikaangalia kikapuni. Kila kofia ilikuwa na vumbi la zambarau kwa juu.

"Safi zote," nikasema.

Sasa sikiliza. Uyoga huota umebanana, na wa juu humwaga vumbi lake kwenye kofia ya wa chini. Kwa hiyo hata muuaji anaweza kuvaa zambarau ya jirani yake. Kila bahasha ninayotuma ina kikaratasi, nimekiandika mwenyewe: usiamini vumbi la juu, pindua kofia uone rangi yake yenyewe. Mimi sikupindua hata moja. Mgongo ulikuwa unaniuma, bahasha arobaini zilinisubiri, na nilitaka Eino aondoke nikakae. Nikachukua kofia nane, nikazilaza kifudifudi bila kuzitazama. Yeye akaenda na zilizobaki.

Jumanne saa nne asubuhi niliinua bilauri. Saba zambarau. Ya nane kutu.

Niliitazama alama ile. Mtu mwingine angekimbilia simu. Mimi nilisema moyoni, ni unyevu huo, mvua ya wiki nzima lazima iharibu rangi. Nikasema nitaiweka chini ya hadubini nikiamka. Nikajilaza. Miaka miwili nilimuuguza Arvo bila kulala usiku mzima hata mara moja, na tangu afe usingizi ukinijia naupokea hapohapo, hata kama nyumba inaungua.

Simu iliniamsha saa kumi kasoro.

"Nimetapika tangu alfajiri, shemeji," alisema Eino. "Tumbo lilinikata, nikaona sasa ndiyo basi. Ila limetulia, nimepona kabisa. Nimekula na mkate wa iliki."

Nikaenda kwenye hadubini. Mbegu zetu ni laini. Hizi zilikuwa na vipele. Nikaogopa, kwa sababu nafuu ile naijua: tumbo hutulia, mgonjwa anaomba chakula, na ini huku linakufa.

Nilimkuta jikoni kwake anaosha vikombe, anapiga mluzi.

"Vaa koti, twende hospitali."

"Kufanya nini? Nimepona, we mama! Tumbo tu lile."

"Eino, umekula wa kutu."

"Aa, wapi! Si ulikagua mwenyewe? Umeshawahi kukosea wewe?"

"Nimekosea jana."

Akacheka. Nikamwambia tena, sikupindua kofia. Akaacha kucheka, akaweka kikombe chini taratibu, akachukua koti.

Hospitali daktari alikuwa binti mpole, anaandika haraka. Nikampa foili yenye alama ya kutu na kioo cha hadubini nilichopakia zile mbegu. Akampima Eino damu, akarudi uso umebadilika. Ini lilikuwa limeshaanza kuharibika, akaita helikopta ya kumpeleka hospitali kubwa ya Portland.

"Amekula lini?"

"Jana saa kumi na mbili jioni," Eino akajibu.

"Na lini mligundua ni wa sumu?" Alikuwa ananiangalia mimi. "Nahitaji saa kamili. Kila saa ina maana."

Ningeweza kusema saa kumi. Eino alikuwa amelala hapo, sindano mkononi, ananitazama.

"Saa nne asubuhi," nikasema.

Daktari akatazama ukutani. Saa kumi na moja na nusu. Akaandika.

"Shemeji," Eino akaniita. Nikajikaza, nikangoja matusi, nilikuwa nayataka. Akamgeukia daktari. "Mwandikie alikuwa amechoka. Huyu mama amechoka tangu kaka yangu augue, na sisi hatukumsaidia."

Nililia mbele za watu, na si kawaida yangu.

Alifariki Jumapili huko Portland. Kwenye mazishi watu walikuwa wameshasikia kwamba ni mimi niliyetambua sumu, kwamba ni mimi niliyemtoa jikoni kwa nguvu. Mmoja mmoja walinishika mkono kanisani. "Pole, Aili. Ulijitahidi sana. Angalau alikuwa na wewe."

Nami nikawa naitikia, mmoja baada ya mwingine, "Asante."