Kura ya Adabu

Lorna Dvorak aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, na kaskazini yote ya kaunti ile ya Nebraska hapakuwa na mbwa asiyejua mlio wa breki zake. Kwa hiyo bodi ya shule ilipotangaza kwamba basi la kaskazini litaondolewa baada ya Krismasi, Lorna, mstaafu, hakulia wala hakuandika barua gazetini. Alikwenda ofisi ya kaunti akajaza fomu ya kugombea kiti kwenye bodi hiyo.

Mpinzani wake alikuwa Gaylen Stuhr, muuza mbegu za mahindi, aliyekikalia kiti hicho cha bodi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyetaka basi liondolewe. Watoto kumi na tisa wangebaki mashambani, maili ishirini na tano kutoka shuleni, wakimngoja mzazi mwenye nafasi. Na mzazi mwenye nafasi wakati wa mavuno, nionyeshe mmoja.

Lorna aliomba kura kwa kufuata njia yake ya zamani, nyumba kwa nyumba. Milango ilifunguliwa na watu wazima aliowahi kuwafuta kamasi.

"Unanikumbuka, mama?"

"Nakukumbuka wewe na yule mbuzi uliyetaka kumpandisha basini. Utanipa kura?"

Alipofika kwa Stuhr, alibisha hodi kama kwingine. Gaylen mwenyewe ndiye aliyefungua.

"Umepotea njia, bibi wee?"

"Hapa nilisimama kila asubuhi kumchukua bintiyo. Mimi siruki kituo. Naomba kura yako."

Gaylen alicheka mpaka akashika mlango. "Lorna, una uso mkavu!"

"Na wewe una kura moja. Nifikirie."

Aliyemtia wasiwasi alikuwa mumewe, Virgil. Asubuhi ya uchaguzi, akipaka siagi mkate, alisema, "Kura yako utampa Gaylen, sivyo?"

"Una homa, mume wangu?"

"Mtu hajipigii kura mwenyewe. Ni ulafi. Mama yako angekuwa hai angekwambia hivyohivyo."

Angemwambia kweli. Watu wa kule hawali kipande cha mwisho cha kitu kitamu mbele za watu. Mmoja hukata nusu, anayefuata hukata nusu ya nusu, mpaka sahani inabaki na chembe ambayo hata sisimizi angeikataa. Ndivyo walivyolelewa, na Lorna alilelewa nao.

Ndani ya kibanda cha kura, kalamu mkononi, mwanamke aliyeomba kura kaskazini nzima bila kupepesa macho alishikwa na haya. Alikaribia kabisa kumpa Gaylen. Ndipo alipomkumbuka Opal, mtoto wa miaka sita wa shamba la mwisho, ambaye hufika getini robo saa kabla ya basi akiogopa kuachwa. Lorna akajaza kiduara cha jina lake mwenyewe. Alitoka masikio yakiwaka moto.

Matokeo yalisomwa kwenye bwalo la shule, mbele ya mabakuli ya maharage na nyama na masinia ya mikate midogo mitamu ya mdalasini. Karani wa kaunti alirekebisha miwani yake. "Dvorak, mia mbili kumi na nne. Stuhr, mia mbili kumi na tatu."

Kelele zilipotulia, Gaylen alikuja kofia mkononi.

"Hongera, Lorna. Uliomba kura yangu, nami nilikupa."

"Acha utani."

"Kweli tupu. Marehemu mama alinifunza kwamba kujipigia kura ni utovu wa adabu. Kila uchaguzi nampa mpinzani, na haijawahi kuniumiza." Akatabasamu kwa shida. "Nawe ulinipa yako, bila shaka."

Virgil aliinamia bakuli lake, akipiga hesabu kimyakimya.

"Sikukupa, Gaylen," Lorna alisema, na bwalo zima likamsikia. "Nilijipa mwenyewe, na nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Haya niliiona, tena sana. Lakini kura ile ilikuwa ya watoto kumi na tisa. Sikuwa na ruhusa ya kuigawa kwa adabu."

Gaylen akalisogeza sinia lililokuwa kati yao. Ulibaki mkate mmoja wa mdalasini.

"Haya, mjumbe. Chukua huu wa mwisho."

Watu wakaacha kutafuna. Virgil akampa kisu mkewe chini kwa chini. Lorna akakiweka kisu mezani, akauchukua mkate, akaula wote.