Kamera Nyembamba

Kwenye skrini, umio wa mama mdogo ulikuwa umejifunga kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Picha ilikuwa safi ajabu. Niliona vishipa vyembamba kama nyuzi, niliona mate yakimeta, niliona weupe wa kovu lililozunguka kitundu kilichobaki. Tulichokuwa tunakitafuta kilikuwa ng'ambo ya kitundu hicho, na kamera haikupita.

Aliyeishika kamera alikuwa mkuu wa kitengo chetu. Mimi, daktari mwenzake, nilisimama upande wa pili wa kitanda nimekatazwa kugusa chochote, kwa sababu aliyelala pale ndiye aliyenilea. Mkuu alisukuma kidogo, taratibu, kama mtu anayejaribu mlango asioujua. Kisha akaacha.

"Haipiti," alisema. "Nikilazimisha, nitamchana."

Mama mdogo ni fundi cherehani. Mama yangu alipofariki, nikiwa hata kamba za viatu sijui kufunga, alinichukua pamoja na sanduku langu na hakuwahi hata siku moja kuniita mtoto wa dada. Ni mzungumzaji. Huongea akiwa na pini mdomoni, huongea cherehani ikiunguruma, na mumewe, baba mdogo, husema kwamba alimwoa ili asije akanunua redio. Mtu wa namna hiyo akianza kunyamaza mezani, mngetarajia tungeshtuka mapema. Hatukushtuka. Alitwambia kwamba ameshakula jikoni, kwamba meno yanamsumbua, kwamba siku hizi supu ndiyo inayomkaa vizuri. Na kila mwili ulipopungua, aliketi kwenye cherehani yake akabana magauni yake mwenyewe, mshono kwa mshono, hivyo kila tulipomwona nguo ilikuwa imemkaa sawasawa. Alitushonea uongo, nasi tukausifia mshono. Siku niliyomkumbatia mlangoni ndipo vidole vyangu vilipogusa mbavu. Palepale nilimwambia lazima apimwe.

Alikubali kupimwa kwa sharti moja, kwamba baba mdogo asiambiwe mpaka tuwe na jambo la kumwambia.

Wakati huo kitengo chetu kilikuwa na kamera mbili za kujaribu. Yetu ya zamani ilikuwa imekufa, na kampuni inayoziuza ilituletea mbili ili tuchague moja. Ya kwanza ilikuwa nene, kichwa chake kimebeba pikseli nyingi, yaani zile nukta zinazounda picha, hata ukiielekeza kwenye kiganja chako ulihisi unasoma ramani ya nchi. Ya pili ilikuwa nyembamba kama penseli. Picha yake ilikuwa ya ukungukungu, kama unatazama dunia kupitia chandarua. Fundi wa kampuni hakutuficha kitu: kichwa kidogo kina nafasi ndogo ya jicho, na mwenye kutaka vyote viwili atasubiri sana.

Hatukuhitaji kubishana. Saratani ya tumbo ikiwa bado changa huwa ni badiliko dogo tu la rangi, doa ambalo jicho hafifu hulipita bila kusimama. Mimi ndiye niliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, na nililiamini. Tulikubaliana tuchukue nene. Nyembamba ilirudishwa kwenye boksi lake ikingoja kurejeshwa.

Ndipo akaja mama mdogo.

"Mkuu," nilisema, "tujaribu ile nyingine."

Aliitazama skrini kwa muda, akaitazama sura ya aliyelala, kisha akamwashiria muuguzi. Ilipoandaliwa na kuingizwa, nilijikuta nimeshika ukingo wa kitanda kama abiria. Ile picha nzuri ilikuwa imekwenda. Badala yake kulikuwa na rangi ya waridi iliyofifia na duara jeusi katikati. Duara likakua, likaijaza skrini, na kwa kitambo hatukuona chochote. Kisha weusi ukafunguka.

Tulikuwa ng'ambo. Umio uliendelea kama njia iliyofagiliwa, ukafika tumboni, na tumbo lilikuwa tulivu. Hapakuwa na uvimbe. Nilikuwa nimeanza kushusha pumzi pale Mkuu aliporudi nyuma polepole na kusimama chini kidogo ya kovu. Kulikuwa na doa dogo jeusi. Aliisogeza taa, doa likabaki. Aliisogeza tena. Hakuna kati yetu aliyeweza kuapa kama lilikuwa kidonda, kivuli, au udhaifu wa picha yenyewe.

Mkuu alipitisha koleo dogo ndani ya mrija wa kamera, akanyofoa kinyama cha kupeleka maabara, kisha akalipanua kovu kidogo kidogo kwa vipanuzi laini ili mgonjwa apate japo njia ya uji. Mama mdogo alipozinduka aliniuliza kwa sauti ya kukwaruza kama nimekula. Nilimwambia nimekula, na haikuwa kweli.

Kampuni ilitaka jibu kabla ya maabara kutujibu. Tulikaa ofisini kwa Mkuu, yeye, muuguzi na mimi, dirisha wazi na watu wakipita na bahasha zao za vipimo. Nilieleza kwamba wagonjwa wetu wengi huja wakiwa wamechelewa, baada ya kuvumilia na kuficha, na kwamba koo zao hufika zimesinyaa. Picha kali ya mlango uliofungwa ingetusaidia nini? Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wale tutakaowapita kwa sababu ya ukungu?" aliuliza.

Lilikuwa swali la haki, na lilikuwa swali langu mwenyewe. Nilimjibu kwamba tukiwa na shaka tutanyofoa, na mwenye umio mpana tutampeleka kwenye hospitali kubwa yenye jicho zuri zaidi. Lakini aliyefungwa umio hana pengine pa kwenda.

Alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Anayesema hapa ni daktari au ni mtoto?"

"Wote wawili," nilisema. "Siwezi kuwatenganisha."

Aliicheka miwani yake, au labda alinicheka mimi. Kisha akamwita fundi wa kampuni, akamwambia alifungue tena lile boksi, nyembamba inabaki.

Jibu la maabara lilinikuta kwenye ngazi za hospitali. Daktari wa maabara ni mtu wa maneno machache. Alipiga simu akasema ni kovu la asidi inayopanda kutoka tumboni, la miaka mingi, hakuna saratani, nimpe mgonjwa dawa na nimrudishe apanuliwe tena. Nilimshukuru. Nilikaa palepale, watu wakanipita kushoto na kulia. Mama mmoja aliyekuwa anapiga deki aliinama akaniuliza kama nimefiwa. Nilimwambia hapana, mama, sijafiwa. Nilirudia maneno hayo kwa sababu yalikuwa matamu kuyasema.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya mama mdogo kupanuliwa mara nyingine, nilikwenda kula kwao. Baba mdogo alikuwa ameambiwa yote, akakasirika, akalia, akakasirika tena, na sasa yalikuwa yamekwisha. Mama mdogo alikuwa anatusimulia habari ya bibi harusi aliyebadilisha mawazo kuhusu mikono ya gauni mara tatu. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate, ule wa pembeni, mgumu. Aliuma, akatafuna huku akimwiga bibi harusi, akameza katikati ya sentensi, akaendelea.

Baba mdogo alikuwa ameacha kula. Alimtazama kooni, kisha akanitazama mimi, kisha akainamia sahani yake haraka.

"Mbona mmenyamaza?" mama mdogo aliuliza.

"Tunakusikiliza," alisema baba mdogo, akamsogezea mkate.