Siku Valentina Alipopita Mjini

Ephrasia alikuwa ameishi Columbia Heights miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulivuka kwa miguu lile daraja la mawe lililo katikati ya Minneapolis. Alizoea kuliona kwa mbali tu, alfajiri, akirudi kazini na macho mazito kwa usingizi. Alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe, Valerian, alifanya kazi mchana katika maabara ya hospitali. Huyu akiingia mlangoni, yule anatafuta viatu. Walikuwa wamejipangia hivyo tangu binti yao Valentina akiwa mdogo, ili mtoto asikose mzazi nyumbani. Mpango ulifaulu. Valentina akakua, akaenda chuo, na wao wakaendelea kupishana mlangoni, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Kiangazi hicho Valentina, sasa msichana wa miaka kumi na tisa, alijiunga na kikosi cha ngoma na tarumbeta. Ephrasia alichelewa kuelewa ni kitu gani. Ni vijana zaidi ya mia, wanaozunguka Marekani kwa mabasi kiangazi kizima. Wanalala sakafuni katika kumbi za michezo za shule, mchana wanafanya mazoezi juani, jioni wanashindana na vikosi vingine uwanjani, wakipiga muziki huku wanatembea na kukimbia kwa mistari bila kugongana. Valentina alipiga tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, ambalo wao hulibeba begani kama mkungu wa ndizi.

"Sasa mshindi anapata nini?" Valerian alimuuliza siku alipoaga.

"Anapata kushinda, Baba," Valentina alijibu kwa Kiingereza. Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema kulimtoa jasho.

Jumamosi moja ya Julai mashindano yakafika Minneapolis. Wazazi wote wawili wakaomba ruhusa kazini. Ephrasia alidhani watakuwa na binti yao kutwa nzima, hata alikuwa amemkaangia senene, wale panzi watamu wa kwao, waliotumwa na dada yake kutoka Bukoba. Lakini asubuhi Valentina akapiga simu. Kikosi kimelala katika shule moja ya Richfield na kitafanya mazoezi hadi alasiri, wageni hawaruhusiwi. Wamwone baada ya onyesho, jioni, kwenye maegesho ya mabasi.

Ephrasia akaweka simu chini. Nyumba ilikuwa kimya. Valerian alikuwa amekaa mezani, amevaa shati lake jeupe la kanisani, na ilikuwa saa tatu tu asubuhi.

"Basi mimi nitafagia stoo," Ephrasia alisema.

"Stoo ina nini?"

"Ina vumbi."

Valerian akauchezea ufunguo wa gari, kisha akaurudisha kwenye msumari wake. "Mama Vale," alisema, "twende mjini. Twende na basi, kama watu waliokuja kutembea."

Wakateremka na basi la Central Avenue mpaka karibu na mto, wakaenda kwa miguu hadi kwenye daraja. Lilikuwa daraja la reli zamani, na sasa lilijaa watu wenye baiskeli, mbwa na watoto. Chini, mto Mississippi uliporomoka kwa kishindo kwenye ukingo wa zege, ukatoa ukungu uliowagusa usoni. Ng'ambo zilisimama kuta za kinu cha unga kilichoungua miaka mingi iliyopita, madirisha yake matupu yakionyesha mbingu. Ephrasia akaegemea ukuta wa daraja. Hakujua kwamba mji huu ulijengwa kwa fedha za unga. Yeye unga alikuwa akiununua tu.

Mama mmoja Mzungu, aliyevaa kofia ya jua, akawaona wanavyoshangaa, akajitolea kuwapiga picha. Akawaelekeza kwa upole mahali pa kula na mahali pa kukodi baiskeli. Kisha akauliza wametoka wapi.

"Columbia Heights," Valerian alijibu.

Yule mama akacheka mpaka akashika kofia. Columbia Heights ilikuwa pale juu tu, mwendo mfupi wa basi. Valerian naye akacheka. Ephrasia aliona aibu kwanza, kisha akajikuta anatazama meno ya mumewe. Jino moja la pembeni halikuwapo. Liling'olewa lini? Hakukumbuka kuambiwa.

Wakapanda treni ya kwenda Saint Paul, kwa sababu tu ilikuwa imesimama mbele yao, wakashuka mtaa wa Frogtown wakiwa na njaa. Waliingia katika mkahawa mdogo wa Kivietinamu kando ya University Avenue, wakaletewa mabakuli ya supu makubwa kama beseni la kunawia. Kwa kawaida wangemzungumzia Valentina, lakini habari za Valentina walikuwa wamezimaliza ndani ya treni.

"Bagalwa hajambo?" Ephrasia aliuliza mwishowe. Huyo alikuwa Mkongo aliyefanya kazi na Valerian, jina la pekee alilolikumbuka kutoka maabara.

"Bagalwa alistaafu."

"Lini?"

"Wakati wa Pasaka. Tulimfanyia na sherehe. Nilisema maneno mawili matatu, watu wakalia."

"Wewe, ukasema maneno watu wakalia?"

"Ulikuwa kazini," alisema Valerian, na hakulisema kwa lawama.

Ephrasia akaikoroga supu yake. Alikuwa na lake, na alilibeba tangu mwezi wa tano. Akaona asipolisema hapa, kati ya watu wasiojua lugha yao, hatalisema tena.

"Msimamizi ameniambia nihamie mchana. Kuna nafasi. Anasubiri jibu langu."

Valerian akaweka kijiko chini. Miaka mingi walikuwa wameililia nafasi hiyo. "Anasubiri tangu lini?"

"Mwezi wa tano."

"Na kwa nini hujamjibu?"

Alitafuta sababu nyingine, akaikosa. "Naogopa jioni," alisema. "Mtoto hayupo. Tutakaa pale, mimi na wewe, kila siku. Tutaambiana nini?"

Valerian alitazama nje, treni ikapita, akaendelea kuitazama hata ilipokwisha kupita. Ephrasia alidhani amemkata maini. Alitaka kuyarudisha maneno yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na muda wa uwanjani ulikuwa umekaribia. Wakaondoka.

Uwanja ulikuwa wa chuo kikuu, wa wazi. Jua la jioni liligonga jukwaa walilokaa. Vikosi viliingia kimoja baada ya kingine, na Ephrasia, aliyetarajia bendi ya gwaride tu, alijikuta anasahau kufumba mdomo. Mistari ilifunguka ikawa duara, duara likavunjika likawa mabawa. Bendera zilirushwa juu zote kwa pamoja na zote zikadakwa. Ngoma zilipolia, aliiona khanga aliyojitupia begani ikitetemeka: muziki ulimfikia kifuani kabla ya masikioni.

Kikosi cha Valentina kilipoingia, hawakumtambua. Wote walivaa sare moja ya kijani na kofia. Valerian ndiye aliyemwona. "Yule wa tatu katika tuba," alisema. "Anatembea kama mama yangu."

Ilikuwa kweli. Ephrasia hakuondoa macho tena. Walicheza polepole, kisha kwa kasi, na katikati ya kasi hiyo, wapiga tuba wakikimbia kinyumenyume, wa tatu akaanguka.

Alianguka chali, na tuba likamfuata kifuani. Wenzake hawakusimama. Walimpita huku na huku bila kumkanyaga, na muziki ukaendelea. Ephrasia alikuwa ameinua wazee wengi kutoka sakafuni, na alijua jinsi mtu anavyolala anapokuwa amevunjika. Alimtazama mwanawe kwa jicho hilo: shingo, bega, mkono. Mkono ulisogea. Valerian alikuwa tayari amesimama, anatafuta njia ya kushuka.

Ephrasia akamshika shati. "Kaa, Baba Vale. Hajaumia. Mwache."

"Ameanguka."

"Nimeona. Mwache ainuke."

Valentina akajiviringisha, akapiga goti, akainuka na mzigo wake. Alitazama kushoto na kulia. Mstari wa tuba ulikuwa umefika mbali, na kati ya wa pili na wa nne palikuwa na pengo la ukubwa wake, likitembea pamoja nao, halikuzibwa na mtu. Akalikimbilia, akaingia. Watu wa jukwaani wakapiga makofi kana kwamba ilikuwa sehemu ya onyesho. Valerian akakaa chini, akaushika mkono wa mkewe, wala hakuuachia mpaka kikosi kilipotoka.

Walimkuta kwenye maegesho, jua halijazama bado, kiwiko kimechubuka, nywele zimeloa jasho. Ephrasia akamkagua mbavu palepale, mbele ya watu, naye akavumilia.

"Sitaki kuliongelea, Mama," alisema kwa Kiingereza.

"Hatuliongelei. Unapumua vizuri?"

"Napumua. Nyinyi mlifanya nini kutwa?"

Wakamweleza: basi, daraja, yule mama wa kofia, supu ya Frogtown. Valentina aliwatazama, mara huyu mara yule. "Pamoja?" aliuliza, na safari hii aliuliza kwa Kiswahili. Kisha akafungua mfuko wa senene ambao mama yake aliubeba kutwa, akala konzi nzima kwa pupa, akamkaribisha mwenzake mmoja aliyetafuna mmoja huku amefumba macho, akaomba wa pili. Punde filimbi ikalia, wakaitwa kwenye basi. Alikumbatia mama, akakumbatia baba, akaenda zake bila kugeuka. Kikosi chake kilishika nafasi ya pili kutoka mwisho, na walilijua hilo kesho yake tu.

Wakiwa kituoni, wanasubiri treni, Valerian akasema, "Nimefikiria lile neno lako. Na mimi naogopa."

"Kumbe."

"Naogopa sana. Lakini leo tulikaa kutwa, hatukufa."

Ephrasia akacheka, machozi yakimlengalenga.

Jumatatu alimjibu msimamizi wake, na Agosti akaanza kazi ya mchana. Jioni za kwanza zilikuwa ngumu kweli. Walikaa sebuleni kama abiria wasiojuana, wakaangalia taarifa ya habari mara mbili. Siku ya nne Valerian akapika ndizi kwa nyama, akazidisha chumvi, na Ephrasia akamwambia wazi kwamba amezidisha. Wakabishana juu ya chumvi hadi chakula kikapoa. Kisha wakakipasha moto, wakala.