Sema Kila Unachofikiri, Bi. Verna

Sheria za chumba cha majaribio zilikuwa tatu, na Verna Hutchins ndiye aliyezipiga chapa, nakala kumi na mbili, bila kosa hata moja. Ya kwanza: anayejaribiwa aseme kwa sauti kila kinachompitia kichwani, hata akiona ni upuuzi. Ya pili: walio nyuma ya kioo wasimsaidie wala wasimkatize. Ya tatu: kila neno lililonaswa kwenye kanda liandikwe kama lilivyotamkwa, lisiongezwe wala kupunguzwa, kisha lipelekwe makao makuu.

Mtungaji wa sheria hizo alikuwa Joel Wasserman, kijana wa saikolojia mwenye ndevu za mashavuni zilizoshuka mpaka kwenye taya. Joel aliamini kwamba ukitaka kujua kasoro ya mashine usimwulize aliyeitengeneza, msikilize anayehangaika nayo. Maneno mazuri hayo, ila aliyeitengeneza alikuwa bosi wake.

Bosi mwenyewe, Daktari Emmett Strand, alikuwa na kichwa chepesi kwa hesabu na kizito kwa watu. Masika yale ya mwaka 1975, wakati trekta zikiendelea kung'oa miti ya aprikoti nje ya dirisha lake ili majengo mengine ya kompyuta yapate pa kusimama, yeye alikuwa amemaliza programu ya kusahihishia barua kwenye skrini. Programu ilikuwa na hali mbili, ya kuandika na ya kuamuru, na kitufe kimoja cha kuhamia huku na huku. Kwenye hali ya kuandika, herufi ilikuwa herufi tu. Kwenye hali ya kuamuru, herufi ileile ilikuwa amri: hii inafuta mstari, hii aya, ile inafuta ukurasa, nyingine inatupa barua nzima. Na skrini haikuonyesha popote kwamba uko hali gani. Joel aliomba iwekwe japo alama ndogo pembeni. Strand akamjibu kwamba dereva hawekewi kibao cha kumkumbusha yumo garini.

Wapiga chapa watatu walikuwa wamekwisha kujaribiwa, na wote watatu walishindwa. Strand akaandika waraka, Verna akaupiga chapa, na humo mlikuwa na habari kwamba programu ni nzima na wapiga chapa ndio wabovu. Atakayeshindwa jaribio ataondoka mwisho wa mwezi, nafasi yake ichukuliwe na msichana aliyesoma hesabu chuoni. Verna alikuwa na miaka hamsini na minne. Mumewe alikuwa kaburini, na katika bonde lile la kompyuta hakuna ofisi iliyokuwa ikitafuta mjane wa miaka hamsini na minne. Aliupiga waraka ule bila kosa, akauweka mezani kwa bosi, akaenda chooni akakaa huko dakika kumi. Aliogopa, na hakuona sababu ya kujidanganya kwamba haogopi.

"Shoga, umekalia kuti kavu," alisema Doreen Pruitt siku ya Jumatano, wakila sandwichi za samaki wa kopo kwenye kantini. Doreen alikuwa wa tatu kushindwa, na alikwisha kuanza kubeba picha za wajukuu kutoka mezani kwake, mbili mbili kila jioni. "Kesho zamu yako, na kuna mkubwa anatoka makao makuu kuja kutazama. Mimi nilisema samahani mpaka mdomo ukakauka."

"Mara arobaini na moja," alisema Verna.

"Nini?"

"Samahani zako. Nilizihesabu nikizipiga chapa. Mashine imekula aya yako, wewe unaiomba radhi."

"Una roho mbaya wewe."

"Sina roho mbaya, nina masikio. Hebu niambie, sheria ya kwanza inasemaje?"

"Useme unachofikiri."

"Kila unachofikiri. Haikuandikwa kila unachofikiri isipokuwa kuhusu Daktari. Na sheria ya pili inasema hakuna wa kukukatiza."

Doreen aliacha kutafuna. "Verna, usije ukanifanyia mambo."

"Sifanyi mambo. Mimi mtu wa kufuata sheria, unanijua."

Alhamisi saa nne asubuhi Joel alimkalisha mbele ya skrini, akamvisha kipaza sauti shingoni, akampa barua ya kurasa tatu iliyotiwa masahihisho kumi kwa kalamu nyekundu. Alikuwa na dakika arobaini. Mbele yake kulikuwa na kioo cha kuonea upande mmoja tu, naye alijiona humo na nywele zake alizozitengeneza tangu jana. Nyuma ya kioo hicho, alijua, walikaa Strand na Bwana Haskell wa makao makuu, mtu mnene mpole aliyesafiri kutoka pwani ya pili ya nchi kuja kuamua kama programu ile itaingia ofisi zote za kampuni.

"Sema kila unachofikiri, Bi. Verna," alisema Joel. "Usione haya."

"Haya nimeyaacha nyumbani," alisema Verna. Joel akatoka, kinasa sauti kikaanza kuzunguka.

Alianza taratibu. "Nafikiri kiti hiki kimechaguliwa na mtu asiyekaa. Sasa natafuta sahihisho la kwanza, nimelipata. Nafikiri nabonyeza hapa. Naandika. Nafikiri nimeandika vizuri, nilianza kazi hii Daktari Strand akiwa bado anafungwa kamba za viatu na mama yake."

Nyuma ya ukuta kiti kililia.

Sahihisho la pili lilipita. Kwenye la tatu alibonyeza herufi moja, na aya nzima ikaondoka. Hapo ndipo Doreen, kwenye jaribio lake, alipoanza kuomba samahani. Verna aliitazama skrini, akapumua.

"Aya imetoweka. Nafikiri nilidhani naandika, kumbe naamuru. Mashine ilijua kwamba naamuru, lakini haikusema. Nafikiri niliwahi kuolewa na mashine hii. Marehemu Clyde alikuwa hivihivi. Amekasirika, hasemi, uso uleule wa jana. Wewe unagusa sahani tu, kumbe ni vita. Miaka ishirini na sita nilikuwa nabahatisha Clyde yuko hali gani, na angalau Clyde nilimpenda."

Safari hii haikuwa kiti. Mtu alicheka nyuma ya kioo, kicheko kizito cha tumboni, na Verna alijua si Strand, kwa sababu Strand hakuwa na tumbo wala kicheko. Akaiandika upya aya iliyopotea, kwa kasi ambayo hakuna msichana wa chuo angeifikia.

Akagundua njia. Kabla ya kila sahihisho aliandika herufi moja isiyo na madhara mwisho wa mstari. Ikitokea kwenye skrini, basi yuko kuandika, anaifuta, anaendelea. Isipotokea, basi yuko kuamuru, anabonyeza kwanza kitufe cha kuhama.

"Nafikiri natia kidole majini kabla ya kuingia," alisema. "Nafikiri mtu mzima hapaswi kulipwa kwa kutia kidole majini kutwa nzima. Mtu aliyebuni hii, nafikiri, hajawahi kuandika barua mwenyewe. Anasema, mwingine anaandika. Nalijua hilo maana mwingine huyo ni mimi. Na nafikiri anapokosea jina la mteja, mimi hulirekebisha kimyakimya, nikaitwa mzito wa kuelewa."

Dakika ya ishirini na tisa alikuwa amemaliza masahihisho saba. Kwenye la nane, kabla hajatia kidole majini, mkono wake ukabaki hewani. "Nafikiri sijui niko wapi," alisema. "Nafikiri nitakaa hapa nifikirie. Sina haraka, wanaonitazama ndio wenye haraka."

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Strand aliingia, tai imekaa upande, masikio yamewiva.

"Ni rahisi tu, Verna. Mtoto angeweza. Tazama hapa."

Akainama juu ya bega lake, akaweka vidole kwenye kibodi, akaandika sahihisho la nane kwa mbwembwe za mtu anayepiga kinanda harusini. Tatizo ni kwamba hakutia kidole majini. Mashine ilikuwa kwenye hali ya kuamuru. Herufi yake ya kwanza ilifuta mstari, ya pili ikafuta ukurasa, na ya tatu ikaitupa barua yote, masahihisho saba ndani yake. Skrini ikabaki tupu, nyeusi, na kimstari kimoja cha kijani kikikonyeza pembeni.

Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka, na Verna alikuwa mtu wa kufuata sheria.

"Nafikiri mlango umefunguliwa," alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Nafikiri ameingia bwana mmoja. Nafikiri ndiye aliyeitengeneza. Barua yangu haipo tena. Nafikiri maji yakishamwagika hayazoleki."

Strand alibonyeza kitufe kimoja, kisha kingine. Hakuna kilichorudi. Bwana Haskell aliingia akijifuta macho kwa leso, na nyuma yake Joel, uso mweupe kama karatasi ya chapa.

"Kijana," Haskell alimwambia Joel, "hapa katikati ya jaribio mtu mwingine ameshika kibodi. Sasa anayejaribiwa ni nani?"

Joel alimtazama bosi wake, akatazama viatu vyake. Mtu anayetaka kuendelea na kazi angesema jaribio limeharibika, lirudiwe wiki ijayo. Verna aliliona jibu hilo likipanda kooni mwa Joel, akaliona likishuka.

"Aliyeshika kibodi, bwana," alisema Joel. "Ndiye anayejaribiwa."

"Basi aendelee. Mama huyu kamaliza saba, tunayo kwenye kanda. Emmett, kaa. Na useme unachofikiri."

Wakamvisha Strand kipaza sauti. Haskell akamfungulia Verna mlango, akamwekea kiti nyuma ya kioo. Hakuwahi kukaa upande ule. Kutoka pale ulimwona mtu kama samaki kwenye tangi, na kila mnong'ono wake ulisikika.

Strand alipewa barua nyingine, masahihisho kumi. Kwa dakika nzima hakusema kitu. Hakuwa amezoea kufikiri mbele ya watu; alizoea kuja na jibu.

"Nafikiri mtu amechezea mashine," alisema hatimaye.

"Andika hilo," Haskell alimnong'oneza Joel.

Alijitahidi. Alikuwa na akili, hilo hakuna wa kumnyima, na masahihisho manne yalipita. Lakini hakuna aliyewahi kumpa barua halisi yenye mistari ya kalamu nyekundu, na macho yake yalipokuwa yakienda kwenye karatasi na kurudi kwenye skrini, alisahau alikuwa hali gani. Dakika ya kumi na moja akafuta ukurasa. Kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo Verna hakuijua, "Nafikiri nilidhani naandika."

Verna alitarajia kucheka. Tangu siku ya waraka alikuwa amejiandalia kicheko hicho. Badala yake aliliona jasho kwenye kola ya Strand, mahali palepale lilipokuwa kwenye kola ya Doreen, akamwonea huruma, na akakasirika kwa kumwonea huruma. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa sheria ilikataza. Dakika arobaini zilipokwisha alikuwa na masahihisho matano.

Ijumaa Verna aliipiga chapa kanda yote. Huruma haikumpunguzia hata neno moja. Aliandika kuhusu kiti, kuhusu Clyde, kuhusu kamba za viatu, kisha akaandika maneno ya Strand moja baada ya jingine, pamoja na kunyamaza kwake, dakika kwa sekunde. Nakala ikaenda makao makuu kwa ndege ya jioni.

Jumatatu asubuhi Strand alimwita ofisini. Verna aliingia na mkoba wake begani, kwa kuwa alidhani huenda hatarudi mezani. Doreen alimfinya mkono alipopita.

Strand alikuwa amesimama dirishani. "Haskell amepiga simu," alisema. "Waraka wangu umefutwa. Hakuna anayeondoka, Doreen vilevile. Programu inatengenezwa upya, na ameagiza nisiandike mstari hata mmoja bila mpiga chapa kukaa humu ndani akisema anachofikiri." Akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa mkono. "Amekutaja wewe kwa jina."

Verna alikaa. Mezani kulikuwa na jalada jipya la ripoti ya majaribio, na juu yake jina moja: Daktari Emmett Strand. Alilifunua; kwenye ukurasa wa kwanza yeye aliitwa mshiriki wa nne.

Strand alichora mraba ubaoni, akachora alama ndogo pembeni mwa mraba. "Hii itaonyesha mtu yuko hali gani. Unaonaje?"

Verna alinyamaza.

"Iwe kubwa zaidi?"

Verna alipanga mikono juu ya mkoba. Nje, trekta ilizima. Strand alingoja, akabadilisha mguu, akangoja tena. Siku nne zilizopita mwanamke huyu hakunyamazika, na leo amekuwa ukuta.

"Verna," alisema, "niambie unachofikiri."

"Nafikiri kalamu yako iko hapo," alisema Verna, akamsogezea jalada. "Nafikiri jina langu lingekaa vizuri hapo, chini ya lako, herufi za ukubwa uleule. Na nafikiri nitaanza kufikiri tena wino ukishakauka."