Sauti za Kikosi cha Potwe

Siku aliyonyang'anywa Othmani juya lake, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, Time alizipata habari hizo kwenye simu, katikati ya mchezo, wenzao wote wakisikia.

Time alikuwa fundi cherehani pale Kilindoni, mji wa kisiwani, mzaliwa wa kisiwa kidogo cha Jibondo, na Othmani ni kaka yake wa tumbo moja. Alasiri, kazi ikipungua, alikuwa akiingia kwenye mchezo wa vita wa mtandaoni, ule unaochezwa kwa vikosi huku wachezaji wakizungumza kwa midomo yao. Kikosi chao kiliitwa Potwe, kwa jina la papa mkubwa wa bahari ya kwao. Alikianzisha yeye na Feisal, kijana mwenye duka la simu karibu na soko. Humo ndani watu waliitana majina ya kupanga. Othmani alikuwa Kolekole, Time alikuwa Sindano, na palikuwa na mmoja aliyejiita Mlima, mtu wa bara kwa lafudhi yake, aliyeshibana na Kolekole kama chanda na pete ingawa hawakuwahi kuonana. Mke wa Kolekole alipojifungua, Mlima alipiga vigelegele kama mwanamke, mpaka wateja wa Time wakauliza kuna harusi wapi.

Alasiri hiyo Othmani aliingia akihema.

"Mlima yupo?"

"Nipo, Kolekole. Habari za kutwa?"

"Sema lile neno lako, lile unalosema adui akijitokeza."

Mlima aliendelea kufyatua risasi za mchezo.

"Sema! 'Tulia hapo hapo, baba, usinipe kazi.' Si ndilo? Leo nimeambiwa hivyo hivyo na askari wa doria ya hifadhi ya bahari, kajifunga kitambaa usoni, yuko juu ya boti ananichukulia wavu wangu. Uso sikuuona. Sauti ni yako, mwanaharamu we! Mama yako alipolazwa nilimwombea dua!"

Jina la Mlima likatoweka kwenye kioo cha simu. Hakuaga.

Basi hapo pakachafuka. Watu wa visiwani, wa Jibondo na Juani, wakawashukia wa bara wote, hata walimu na wauguzi wasiojua wavu unashikwaje. Wa bara nao wakajibu kwamba wavuvi wa juya wanakokota mpaka mayai ya samaki, halafu wakikosa kitoweo wanamlilia Mungu. Time naye hakubaki nyuma. Alimwambia mwalimu mmoja arudi kwao akalime ndizi, na akasikia raha kulisema.

Feisal alitishika. Alikuwa amekiandikisha kikosi kwenye mashindano ya Dar es Salaam, na waandaaji walikuwa na masharti makali juu ya matusi. Bila kumuuliza mtu akazima sauti za wachezaji wote, akaweka mtambo. Mchezaji aliandika, mtambo ukayachuja maneno yake, kisha ukayasema kwa sauti laini ya kike, sauti moja kwa kila mtu. Othmani, ambaye kidole chake kimoja tu ndicho kilichojua kuandika, alihangaika akaandika: "Mwambieni yule mbwa wa doria nitamla nyama." Mtambo ukasema: "Kolekole amefurahi kucheza nanyi. Tuendelee kwa upendo."

Time alijua kaka yake hawezi kusema hivyo. Aliacha gauni la watu chini ya sindano, akatoka hata kufunga mlango hakufunga.

Alimkuta Feisal na wateja.

"Feisal, umemtia kaka yangu maneno mdomoni."

"Nimewaokoa, dada Time. Mlikuwa mnatafunana."

"Tulikuwa tunatafunana kwa meno yetu. Huyo mwanamke wako wa mtambo anampenda nani? Kamzaa nani?"

"Waandaaji wanataka kikosi cha kistaarabu. Hawataki makelele ya wavuvi."

"Ya wavuvi!" Time alimkazia macho. "Na wewe ulikuzwa kwa kuuza vocha? Baba yako alikuwa na kazi gani, Feisal?"

Wateja waliguna. Feisal akachukua simu yake pale pale, akabonyeza, na simu ya Time ikalia mkononi: ameondolewa kwenye kikosi alichokianzisha mwenyewe.

"Haya, nenda kafungue kijiwe chenu cha matusi," akasema. "Tuone nani atakufuata."

Alikifungua. Hakuweka mtambo, na kila mtu alikuja na sauti yake. Wa kwanza kuingia alikuwa Othmani, kisha Shani wa Juani, kisha Devota, muuguzi kutoka bara ambaye Time ndiye aliyemshonea sare. Walio wengi walibaki kwa Feisal.

"Wewe unafahamiana na Mlima," Time alimwambia Devota. "Mwambie aje."

"Atatukanwa, Time."

"Atatukanwa, ndiyo. Lakini aje."

Akaja. Alianza kwa kusema jina lake halisi, Costantine. Othmani hakumpa nafasi ya kumaliza.

"Ulipokuwa unanichukulia wavu, ulijua ni mimi?"

"Nilijua. Ulipopiga kelele tu, nilikutambua."

Time alishika kichwa. Alikuwa ameomba Mungu mtu huyo akane.

"Ulijua," Othmani akasema polepole, "na ukachukua?"

"Nikachukua. Mtu wa Juani nilimchukulia lake kabla yako, na ana watoto kama wewe. Ningekuachia wewe kwa sababu tunacheka kwenye simu, yeye ningemwangalia vipi?"

"Na mimi utaniangalia vipi?"

"Sijui. Ndiyo maana nilikimbia."

Othmani alimtukana. Alimtukania ukoo, kabila, boti na kitambaa chake, kwa maneno ya Jibondo ambayo Devota hakuyaelewa na Time hakumfasiria. Costantine alisikiliza yote, pumzi zake zikisikika. Othmani alipokaukiwa na koo, akasema, "Kesho uje. Sijakumaliza."

"Nitakuja."

Juya halikurudi, na Othmani akaenda kuvua kwa mshipi kwenye ngalawa ya mjomba wake. Walipokutana gatini Kilindoni, akamtambua Costantine kwa sauti, alimpita kama anapita nguzo. Kikosi cha Feisal kilishinda mchujo wa kwanza wa mashindano, kikasifiwa kwa adabu, na wivu ulimchoma Time asiweze kula. Kwenye kijiwe chake matusi hayakukoma. Mara nyingi Othmani alimwona adui akimnyatia Costantine, akanyamaza makusudi mpaka mwenzake akauawa, kisha akacheka kicheko kibaya.

Alasiri moja mvua ilinyesha, mtandao ukawa wa kusuasua. Wote waliingia isipokuwa Costantine. Time alitaka waanze.

"Yule mshenzi wa bara yuko wapi?" Othmani akauliza.

"Sijui. Labda yuko kazini. Tuanze?"

"Kwani una haraka gani?" kaka yake akamkemea. "Ngoja."