Bunduki ya Baba Mkwe

Kosa la kwanza lilikuwa la kijiji kizima: kumtuma mtu na baba mkwe wake kwenda kuchagua kitu dukani. Usukumani mtu hambishii baba mkwe. Akisema ng'ombe huyu ni mweusi, nawe unamwona mweupe pe, unainamisha kichwa na kusema ndiyo, baba. Kila mtu alilijua hilo, na bado kikundi cha wakulima wa karanga kilikaa kikao kikamtuma Luhende kwa sababu ndiye mwindaji, na baba mkwe wake, Mzee Chenge, kwa sababu ndiye mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza hao wawili watazungumzaje.

Shida ilikuwa kanga wa porini. Mbegu ya kwanza walishaifukua mstari kwa mstari, wakitembea shambani kwa madaha utadhani wamelima wao. Lilibaki gunia moja kwa kaya kumi na tisa, nalo lingepandwa Jumamosi. Likiliwa hilo, mwaka umekwisha. Bunduki ya upepo ingefaa: haina kishindo cha kutawanya kundi zima, na jioni kitoweo kipo. Kibali cha polisi walikuwa nacho mfukoni.

Basi Jumatatu wakatoka Misungwi wakaingia Mwanza mjini, kwenye duka mojawapo la yale yaliyochipuka tangu biashara ifunguliwe. Majiko ya gesi, redio za kaseti, manukato na bunduki za upepo, vyote kabati moja. Muuzaji, kijana wa Bukoba aitwaye Florian, alikuwa na tai shingoni na harufu iliyomfanya Luhende apige chafya mara tatu.

Luhende alikwenda moja kwa moja kwenye bunduki fupi iliyochubuka kitako, ile ya kukunja mtutu. Unaikunja, unatia risasi moja, unapiga, unakunja tena. Akaiweka begani, ikamkaa vizuri.

“Hiyo ni ya kizamani,” Florian alisema bila kumtazama. Alishamtambua mwenye kauli. “Shikamoo, mzee. Kitu chenyewe ni hiki hapa.” Akashusha bunduki ndefu, nyeusi tii. “Hii haikunjwi. Hewa imeshindiliwa tayari kwenye mtungi huu chini ya mtutu. Na humu zinakaa risasi kumi. Unavuta, pa! Unavuta, pa! Kanga kumi wamelala, wa kumi na moja hajajua kuna nini.”

“Kumi!” Mzee Chenge alisema, macho yamemtoka.

Luhende alitazama geji, kile kipimo cha hewa mtungini. Mshale ulisimama kwenye mia mbili. Alikuwa amefanya kazi miaka saba kwenye karakana ya kinu cha pamba kabla hakijafungwa, na kompresa kubwa ya pale ya kushindilia hewa haikufika hata ishirini. “Hewa ikiisha?” aliuliza.

“Ikijaa inapiga arobaini. Ikiisha mnarudi hapa, ninao mtungi wa hewa wa wapiga mbizi.”

Yaani kila risasi arobaini, nauli ya kwenda Mwanza na kurudi! “Baba,” alisema polepole, “labda tuitazame na hii nyingine...”

“Wewe unataka turudi kijijini na mwiko wa ugali?” Mzee Chenge alisema, na Florian akacheka kicheko kile cha mtu anayekuhesabia ujinga wako.

“Ndiyo, baba,” Luhende alisema. Jibu gani hilo! Alitoka nje akatema mate. Alimchukia Florian na tai yake, akamchukia mzee, lakini zaidi alijichukia mwenyewe na ulimi wake.

Ikanunuliwa ile nyeusi, na kijijini mzee hakuiachia. Wageni walikuja, na kila mgeni alionyeshwa. Alipiga makopo, akapiga mapapai, akapiga kenge wa watu aliyekuwa akiota jua. Jumatano alimwona sungura karibu na zizi, akammiminia risasi tisa, nyingine sungura ameshalala. Kilichookotwa kilikuwa manyoya na mavi ya utumbo uliopasuka. Luhende, ambaye tangu utoto alifundishwa kupiga mara moja na kumfuata mnyama wake, aligeuza uso. Na watu wakapiga makofi! Kufika Alhamisi mshale umelala sifuri, na hakuna kanga hata mmoja aliyeguswa.

Wakajaribu pampu ya baiskeli. Vijana wanne walipokezana mpaka wakaloa jasho, mshale haukutikisika. Ijumaa asubuhi mkwe na baba mkwe wakarudi kwa Florian.

“Mtungi umekwisha,” Florian alisema akichokonoa meno. “Tumeagiza mwingine Nairobi. Mwezi ujao. Na mali ikishatoka dukani hairudi.” Wala hakuona haya, mshenzi yule.

Mzee Chenge hakukubali kurudi mikono mitupu. Akamvuta Luhende mpaka mtaa wa Igogo, kwa fundi wa kuchomelea aliyeitwa Obedi, mwenye mitungi yake ya gesi barazani. Gesi si gesi? mzee aliuliza. Obedi, ambaye njaa ilikuwa imemshika, akasema oksijeni ni hewa tu, tena hewa safi. Akatafuta mpira wa kupitishia gesi, akaufunga mdomo wa shaba, akaiunga ncha ya pili kwenye mtungi.

Mdomo ulikataa kuingia kwenye bunduki. Hapo Mzee Chenge akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya cherehani, akaumwagia mpaka ukachuruzika, ukaingia laini.

Luhende aliyaona mafuta yale yanang'aa, akakumbuka karakana. Kule kinuni kulikuwa na mtu aliyefungua mtungi wa oksijeni kwa mikono yenye grisi. Ulilipuka, na kiganja chake kilikuja kuokotwa chini ya meza, mbali naye. Oksijeni na mafuta havikai pamoja.

“Baba, tuache,” alinong'ona.

“Shika kitako hapo.”

“Baba, nakuomba.”

“Shika!” Mzee alikuwa ameinamia bunduki, uso wake juu ya geji ili auone mshale ukipanda. Obedi akaushika ufunguo wa mtungi.

“Toka hapo, mzee mjinga wewe!” Luhende alipiga kelele, Igogo nzima ikasikia. Akaupiga mkono wa Obedi, akaung'oa mpira, akamsukuma mkwe wake kifuani kwa viganja viwili. Mzee Chenge akaanguka chali kwenye vumbi, kofia huko.

Obedi alitazama mafuta kwenye mpira, akakauka. “Mzee,” alisema, “huyu amekuokoa. Hii ingelipuka.”

Mzee Chenge hakumsikia. “Amenisukuma,” alisema tu, njia nzima mpaka Misungwi. “Mkwe wangu amenisukuma.”

Jumamosi walipanda asubuhi, na mchana kikao kikaitwa nyumbani kwa mwenyekiti. Luhende alieleza habari ya oksijeni, wakamsikiliza, kisha wakamtoza beberu. Beberu akaletwa, akachinjwa, akaliwa. Midomo inang'aa mafuta, wanamsifu Chenge kwa uvumilivu wake, na bunduki imeegemezwa ukutani nyuma yake kama mgeni rasmi. Luhende akapiga magoti, akaomba msamaha kwa kosa la kuunusuru uso wa mzee yule. Alipewa kipande cha ini. Alikitafuna, akatamani kukitapika mbele yao wote.

Kaya zote kumi na tisa zilikuwa pale zikila. Shambani hakubaki mtu.

Kabla jua halijatua Luhende na mkewe Rebeka, binti yake Chenge, walifika shambani wakakuta mistari imefukuliwa toka mwanzo hadi mwisho. Kanga wa mwisho walikuwa wanaondoka kwa miguu, bila haraka. Rebeka akapiga magoti, akaanza kuokota punje zilizosalia, moja moja, akizitia kwenye kanga aliyojifunga.

“Pale dukani,” aliuliza bila kuinua kichwa, “ulijua bunduki ile haifai?”

“Nilijua.”

“Ulijua kabisa?”

“Nilijua, Rebeka. Lakini yule ni baba yako. Ningefanyaje?”

Rebeka alizitazama punje kwenye nguo yake. Hazikujaa hata kiganja.

“Basi ungemsukuma siku ile ile,” alisema.