Mwalimu Aliyefeli Kupika Wali

Mzee huyu alifundisha hesabu miaka thelathini na nane, na watu walimwita Mwalimu muda mrefu mno hata mkewe naye akazoea kumwita hivyo. Aliweza kugawanya namba yoyote kichwani, lakini hakujua hata kuwasha jiko. Kwake chakula kilikuwa kitu kinachotokea mezani saa saba mchana na saa moja jioni, kama vile jua linavyochomoza na kuzama bila kusukumwa na mtu.

Kisha binti yao wa mwisho, aliyeolewa mji wa mbali, akajifungua mapacha. Bibi akafunga mizigo siku hiyohiyo.

"Miezi mitatu tu," alimwambia mumewe. "Na wewe nenda ukakae kwa mwanao. Nikikuacha hapa peke yako, nitarudi nikute mifupa na miwani."

Mwanawe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, analala nyumbani Jumamosi na Jumapili tu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa mkewe, fundi wa kuchomelea vyuma. Mama huyu alikuwa na madoa madogomadogo ya cheche mpaka viwikoni, na nusu ya mageti ya mtaa ule yalitoka kwenye karakana yake. Watoto walikuwa wawili, wasichana. Mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, aliitwa Kiberiti, maana hakuchelewa kuwaka. Mdogo, wa miaka sita, aliitwa Kifungo, kwa kuwa alikuwa mviringo na akishamshika mtu hamwachii.

Jioni ya kwanza Mwalimu alinawa, akakaa mezani, akaweka mikono juu ya meza na kungoja. Saa moja kasoro mkwewe akaingia, uso umechoka, amebeba mifuko minne ya viazi vya kukaanga kutoka kibandani. Kifungo akachukua wake akaenda kukaa mbele ya televisheni. Kiberiti akapanda na wake kitandani. Mama mwenyewe alikula amesimama karibu na sinki, huku akivua buti kwa mguu mwingine. Mwalimu akabaki peke yake na mfuko wake. Alingoja kidogo aone kama kuna kingine kinakuja. Hakikuja.

Hakulalamika. Aliona badala yake atoe mchango anaouweza. Siku ya pili akaomba daftari la hesabu la Kiberiti, akakuta alama thelathini na moja kwa mia. Akatafuta chaki, akaandika nyuma ya mlango wa jikoni: theluthi mbili na robo tatu, ipi kubwa?

"Theluthi mbili," Kiberiti akajibu, lakini kwa sauti ya kuuliza.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... tatu ni..."

"Tatu ni nini? Mtoto wa darasa la nne anajua hili! Kichwa umekiacha wapi?"

Kiberiti akawaka. "Wenzangu babu zao wanawapa pipi!" alisema, akatupa chaki chini ikavunjika vipande vitatu, akaenda kujifungia chumbani. Tangu hapo akawa anamwamkia babu yake akiangalia ukuta.

Siku mbili baadaye mama alirudi kutoka karakana, ndipo akaona chaki iliyokanyagwa sakafuni na mlango uliojaa namba. Huyu ni mtu aliyezoea kupiga kelele ili asikike juu ya mashine. Kwa hiyo akisema polepole, watu wa nyumba yake walijua kuna jambo.

"Baba," alisema polepole kabisa, "naomba unisikilize. Kuanzia kesho viazi vya kibandani basi. Tutapika wenyewe, na tutakula meza moja. Kiberiti atafundishwa hesabu na wewe, lakini jikoni. Na wewe utafundishwa kupika naye. Bibi yake alimfundisha wali, maharage na mboga tangu ana miaka minane."

"Mimi? Nipike?"

"Mgeni siku mbili, baba. Ya tatu imeshapita, na jembe la nyumba hii ni mwiko."



"Na mimi?" Kifungo akauliza.

"Wewe ni mwalimu mkuu."

Kesho yake Kiberiti alikuja jikoni, darasani kwake, na daftari jipya na kalamu nyekundu. Juu ya daftari ameandika: Jina, Babu. Somo, Wali. Akakalia kreti iliyogeuzwa, akakunja mikono, akamwacha mwanafunzi wake ahangaike. Maneno ya kichwa umekiacha wapi alikuwa bado hajayameza.

Mzee alipima mchele kwa makini kama mtu wa duka la dawa, kisha akamimina maji hovyo, akaongeza moto mpaka mwisho ili mambo yaende haraka. Akakoroga. Akafunua kifuniko mara tisa. Mama alipofika alifungua madirisha yote kabla ya kusema shikamoo.

Mwalimu mkuu ndiye aliyeonja. Akatafuna, akafikiri.

"Babu amepika vitu vitatu," alitangaza. "Chini makaa, katikati mchele, juu uji."

Mama alicheka mpaka akashika meza. Kiberiti akaandika: mbili kwa kumi.

"Mbili za nini?" babu akauliza.

"Moja ya kunawa mikono. Moja ya kutokimbia." Na chini yake akaongeza kwa wino mwekundu: Jitahidi zaidi.

Mwalimu aliingia na daftari lile chumbani kwake, akaketi kitandani akiliangalia. Maneno yale mawili alikuwa ameyaandika kwenye maelfu ya madaftari. Hakuwahi kuyasoma akiwa yeye ndiye mwenye daftari. Alijaribu kujicheka, maana ni wali tu, lakini kifuani kulikuwa na kitu kimekaa vibaya, kama shati lililofungwa vifungo upande. Nijitahidi vipi, alijiuliza, na hakuna aliyeniambia nilikosea wapi?

Siku iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika jikoni. "Mwalimu wangu," alimwambia mjukuu wake, na hakuwa anatania, "jana nilikosea wapi?"

Kiberiti alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Akamtazama babu yake: mzee mrefu aliyevaa aproni ya maua, kisu amekishika kama kalamu, na machozi ya kitunguu yakimtiririka hadi kwenye ndevu. Hasira ikakosa mahali pa kushika.

"Maji, babu," alisema. "Tuanze na maji. Na kitunguu kata polepole, hakuna anayekukimbiza."

Babu akapunguza kasi. Akarudia maneno yale kimoyomoyo, kwani yeye darasani kwake alikuwa akiwakimbiza watoto siku zote.

Wakaendelea hivyo. Wali ukapata nne, kisha tano. Maharage yakapata sita, yakashuka hadi tatu siku aliyosahau kuyachambua na mama akauma jiwe. Mama naye akawa na somo lake. Aligonga tako la sufuria, akawaeleza kwamba bati jembamba halina subira, linapokea moto na kuupeleka wote mahali pamoja. Ndiyo maana chakula kinashika chini. Akaleta kipande cha chuma kizito kutoka karakana, akakiweka kati ya jiko na sufuria, na tangu siku hiyo makaa yakapotea kwenye orodha ya vyakula.

Jumamosi moja Mwalimu akauliza, huku akifuta mikono, "Sisi wanne tunapima vikombe viwili. Leo baba yako yupo, tutakuwa watano. Tupime vingapi?"

Kiberiti akakunja uso. Jibu lilikuwa limejaa kinywani mwa mzee. Alilizuia kwa kuuma mdomo.

"Polepole," alisema. "Hakuna anayekukimbiza."

"Kila mtu... nusu kikombe," Kiberiti akaanza. "Nusu mara tano. Viwili na nusu!"

"Pima."

Hapo Kiberiti akapata ujasiri, akakumbuka swali la mlangoni. Akakaanga mayai mara mbili kwenye kikaango kilekile, akapata maduara mawili sawasawa. La kwanza akalikata sehemu tatu akatoa moja. La pili akalikata nne akatoa moja. "Mwalimu mkuu, chagua sahani."

Kifungo hakuhitaji hesabu. Alivuta sahani ya robo tatu na kuanza kula.

"Babu, ona!" Kiberiti akaruka. "Lililotolewa kipande kidogo ndilo limebaki kubwa! Robo ni ndogo kuliko theluthi, kwa hiyo robo tatu inashinda!"

Mzee akavua miwani. "Miaka yote ile," alisema, "sikuwahi kufundisha hivyo."

Wiki ya saba bomba la chini ya sinki likapasuka. Mama akamwita fundi bomba anayefanya naye kazi kwenye majengo, jitu kubwa, lenye mabega ya kuzuia mlango. Alikuwa amejikunja kichwa ndani ya kabati la sinki aliposikia sauti ya msichana ikikemea, "Babu, moto! Umezidi!" na ya mzee ikijibu, "Samahani, mwalimu." Akajitoa kuchungulia. Spana ikamponyoka. Akasimama wima, mikono ubavuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilikufundisha?"

"Darasa la sita. Nilikaa nyuma, dirishani." Fundi akatabasamu kwa aibu. "Uliniambia kichwa changu ni boga, tena boga afadhali linaliwa. Waliniita Boga mpaka namaliza shule."

Kifungo akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Mwalimu hakukumbuka. Alimtazama mtu yule usoni, akapekua miaka yake, hakupata kitu. Na hilo ndilo lililomchoma.

"Ya zamani hayo, Mwalimu, yamepita," fundi akasema upesi.

"Hayajapita kama bado unayo." Mzee akaweka mwiko chini. "Nisamehe, mwanangu. Hukuwa boga. Mimi ndiye niliyeshindwa kukufundisha, nikakutupia wewe kosa langu."

Fundi akajikuna shingo, hajui aweke wapi macho. "Mbona hesabu zenyewe nilikuja kuzipata," akasema. "Mabomba ni hesabu tupu. Nusu inchi, robo tatu inchi. Nilizijua kwa kuzishika."

"Robo tatu ni kubwa kuliko theluthi mbili," Kiberiti akamjulisha.

"Ni kweli, ingawa sijaona duka linalouza bomba la theluthi mbili."

Hapo wote wakacheka, na Mwalimu kuliko wote. Akachukua sahani ya tano. Fundi alikataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akakaa, akala wali na maharage, akaongeza. Aliposhiba akasema ana binti anayeogopa hesabu kama anavyoogopa mbwa. Je, anaweza kumleta?

"Mlete saa kumi na mbili jioni," Mwalimu akasema. "Aje na vitunguu viwili."

Binti akaletwa, naye akaleta rafiki. Mwisho wa muhula Kiberiti alipata sitini na nne, akazitangaza mtaa mzima kana kwamba ni mia. Bibi aliporudi alimtazama mumewe juu hadi chini, akakiri kwamba hakuna mifupa. Walirudi kwao, lakini Jumanne na Ijumaa mzee aliondoka nyumbani saa tisa, kapu la mboga mkononi, kwenda kazini kwake, jikoni kwa mkwewe, kama zamani, na bibi akimfuata nyuma kwa kuwa hakutaka kupitwa.

Viti vya mama havikutosha tena. Akakata mabomba ya mraba, akachomelea benchi refu la kukalia watu wanane, akalipaka rangi ya kijani asubuhi na kuwaonya wote kwamba halijakauka. Fundi bomba ndiye pekee ambaye hakuwepo kuonywa. Alikuja jioni ana njaa, akakalia katikati, akala sahani mbili, na aliposimama kuaga, Kifungo ndiye aliyewaonyesha watu makalio ya suruali yake, kijani tupu.